Unga Uliosimama Ziwani

Lukasi alikwenda Ziwani kupeleka dizeli. Ndiyo shughuli yenyewe, wala usimtafutie nyingine. Madumu mawili ameyafunga nyuma ya pikipiki kwa mpira, akatoka nyumbani kwake Likombe saa kumi na moja jioni, siku ya Alhamisi, kesho yake ikiwa Nanenane. Kule Ziwani alikuwa akisubiriwa na Rajabu, dereva mwenye gari la Kruza, ambaye alfajiri angewachukua yeye Lukasi, mkewe Beatrice na binti yao Irene, awapeleke hifadhini kule mbele ya Kilwa, walale siku mbili, warudi Jumapili.

Safari ya siku tatu. Lukasi aliipanga miezi minne.

Ungemjua usingeshangaa. Ni karani wa bandari, mtu wa Rungwe, na huyu hata sokoni haendi bila karatasi. Kambini watakakolala alishapiga simu mara nyingi mpaka mpokea simu akaanza kumwita shemeji. Katika daftari aliandika saa ya kutoka, saa ya kunywa chai Lindi, saa ya kufika getini. Ukurasa wa nyuma ulikuwa wa Irene. Mtoto ana miaka minane, na mwaka ule aliugua homa iliyomlaza wiki tano, akabaki macho tu. Baba yake alikaa kando ya kitanda akamwahidi: ukipona, nakupeleka ukamwone simba. Akapona. Basi mtoto akaandika wanyama wake kwa mwandiko wa kulala: twiga, tembo, kiboko, pundamilia. Na juu kabisa, amepigiwa mistari miwili chini yake, simba.

"Baba, na simba akikataa kuja?" aliuliza kila akienda kulala.

"Atakataaje? Tumeshamwandika."

Sasa, Rajabu hakumficha kitu. Tangu siku ya kwanza alimwambia gari ni lake lakini safari ni za mama yake, Bi Zawadi. Kwao, kabla ya safari ndefu, mama humwaga unga wa mtama chini, kwa vidole, polepole, akiwataja wanaosafiri, mpaka unga usimame kilima kidogo chenye ncha. Halafu anaufunika kwa chungu. Alasiri unafunikwa, magharibi unafunuliwa. Ukiwa umesimama vile vile, watu wanakwenda. Ukiwa umeanguka, watu wanakaa.

"Hata kama kila kitu kiko tayari?" Lukasi aliuliza.

"Hata kama bibi harusi ameshakaa garini, kaka."

Lukasi ni mzee wa kanisa. Alicheka kwa adabu, akalisahau.

Alipofika Ziwani jua lilikuwa limeshashuka kwenye mikorosho. Rajabu alipokea madumu, akajaza tangi, akanawa miguu. Adhana ilikuwa inaita.

"Kaka, naswali mara moja narudi. Mama naye yumo ndani anaswali. Tukimaliza tunafunua, mambo yanakwisha. Kaa hapo."

Akaenda zake msikitini. Lukasi akakaa kwenye kigoda, uani, peke yake. Hatua mbili kutoka mguuni pake, karibu na mlango wa nyuma, kulikuwa na chungu kimefunikwa kifudifudi.

Kimya.

Kitu cha kwanza alichokiona ni kuku. Saa ile kuku wanakuwa wameshaingia bandani. Hawa walikuwa wamesimama upande wa pili wa ua, wamebanana ukutani, wote. Wanakitazama chungu.

Cha pili alikisikia. Chini ya chungu... shrrr... kama mchanga ukimwagwa taratibu. Ukanyamaza. Halafu tena... shrrr.

Panya, akajiambia. Na hapo hapo akilini alimwona Irene, ambaye alikuwa amefunga begi lake tangu Jumanne na kulala nalo. Panya mmoja tu ndiye amharibie mtoto safari? Atamwambia nini? Kwamba unga umekataa?

Akainua chungu.

Unga ulikuwa umeanguka. Lakini panya hafanyi vile. Ulikuwa umelala bapa, laini, na katikati kulikuwa na alama ya kitu kizito kilichokanyaga kikatulia. Wayo mpana. Vidole vinne. Kucha hazionekani. Na harufu ikampanda puani, ya manyoya yaliyonyeshewa na nyama iliyolala, ilhali mvua ya mwisho ilinyesha Mei.

Hapa ndipo ningependa kumshika mkono nimwambie ondoka, kalale kwako. Sikuwepo. Alikuwepo yeye na ahadi yake. Akatazama mlango, akasikia Bi Zawadi anaendelea na sala yake kwa sauti ndogo. Akaukusanya unga kwa mkono wa kulia, haraka, akaujenga upya, akaubana ubavuni, akauchonga ncha kama watoto wanavyojenga pwani.

Unga ulikuwa wa moto.

Akafunika. Akajifuta kwenye suruali. Akakaa.

Bi Zawadi akatoka na kanga yake ya kuswalia, Rajabu naye akarudi. Mama akapiga magoti, akafunua. Kilima kimesimama, ncha juu. Rajabu akasema alhamdulillahi, akaenda kukagua upepo wa matairi kabisa. Mama yake alibaki amepiga magoti. Aliutazama unga, akawatazama kuku, kisha akamgeukia mgeni.

"Unga wangu haujawahi kusimama nrefu hivi. Mwanangu, hapa alipita ntu?"

Hapo ndipo mlango ulikuwa bado wazi. Angesema tu. Bibi yule si mkali, angemkaripia kidogo, safari ingekufa, Irene angelia siku mbili, na leo tungekuwa tunazungumza mengine.

"Hapana, mama," akasema Lukasi. "Nilikuwa nimekaa tu."

Akaaga. Giza lilikuwa linaanza kushika, taa ya pikipiki inaangaza mchanga mweupe. Harufu ile haikubaki Ziwani. Alipoongeza mwendo ilikuwepo, alipopunguza ilikuwepo. Kufika Mtawanya, mbwa wa nyumba za pembeni walianza kumbwekea kama kawaida yao. Mara wakanyamaza. Wote, pamoja, yeye akiwa bado anapita. Alitazama kioo cha pembeni akaona barabara tu, na vumbi lake mwenyewe limesimama katikati bila kutawanyika.

Hakutazama tena.

Nyumbani Irene alimsikia kabla hajazima injini. Alitoka mbio, peku, begi mgongoni, na baba akafanya analofanya kila baba. Akamshika shavu.

"Kesho tunakwenda, mama. Unga umekubali."

"Unga gani?"

"Mambo ya kina Rajabu. Twende ndani."

Ndani kwenye taa Beatrice akamwona mtoto. "Baba Irene, umemshika na mikono gani hiyo?" Shavuni kulikuwa na mistari minne myeupe, kila mmoja mnene kama kidole. Lukasi akageuza kiganja chake. Kilikuwa kikavu, safi. Alishakifuta kwenye suruali, na tena kwenye usukani mwendo wote ule. Beatrice akachovya ncha ya kanga kwenye maji akamfuta mtoto. Ikatoka. Akageuka kutundika kanga, akarudi kumtazama.

Mistari ilikuwa imerudi.

Simu ikaita. Namba ya Rajabu, lakini sauti si yake. Ilikuwa ya Bi Zawadi, chini sana, ya mtu asiyetaka kusikiwa na aliye nje.

"Mwanangu. Niambie kweli, wala sitakukasirikia. Uliugusa?"

Lukasi akatoka kibarazani asisikiwe na mkewe. "Ulikuwa umeanguka, mama. Mtoto... nilimwahidi mtoto. Nikauinua."

Akamsikia anavuta pumzi.

"Sikiliza. Kuna simba wa Mungu na kuna simba wa watu. Wa Mungu yuko huko porini kwake, angetazamwa na ntoto wako akalala usingizi wake. Huyu mwingine katumwa. Katoka ng'ambo ya Ruvuma, wiki hii anapita huku kwetu, na hatujui anakwenda kwa nani. Unga ulianguka kutwambia tukae ndani, apite. Wewe ukanwinulia. Unga ukiinuliwa kwa nkono wa ntu, ni kunwambia karibu."

"Nifanye nini?"

"Kaa hapo nje, peke yako. Nakuja alfajiri niuoshe huo nkono. Mpaka nifike, usinguse ntu. Usinguse ntu yeyote. Umenisikia?"

Lukasi akageuka. Kupitia dirishani alikuwa anamwona Irene amekaa kwenye mkeka, daftari mapajani, taa inammulika upande mmoja wa uso.

"Mwanangu," ile sauti ikasema. "Umenshika nani?"

Hawakwenda, bila shaka. Alfajiri Bi Zawadi alikuja na Rajabu, akauosha mkono wa Lukasi kwa majani aliyoyaponda mwenyewe, na mkono ukapoa. Alipofika kwa mtoto aliinama, akalitazama shavu kwa muda mrefu, akafunga kifurushi chake. Alisema dawa ya hilo haiko kwake. Alisema angejua iko kwa nani angekwenda hata kwa miguu. Rajabu aligeuza uso akatazama gari lake, na Lukasi akaelewa kwamba yule bibi hakuwa anajivunga.

Wamehangaika. Daktari alisema ni ngozi, akatoa mafuta. Mchungaji alifunga na kuomba siku tatu, siku ya tatu akaomba radhi. Lukasi aliandika barua ya uhamisho arudi Rungwe, akampigia Bi Zawadi kumweleza, kwa furaha kabisa, kwamba sasa wanaondoka kwenye eneo lenyewe.

"Nyie ntahama na shavu lake?" bibi akamuuliza, kwa upole. Barua haikupelekwa.

Tatizo ni kwamba safari bado imesimama. Imesimama pale uani Ziwani katika kilima kile cha unga, hatua mbili kutoka kwenye kigoda, haijafunikwa. Mvua za Desemba zimenyesha, unga haukulowa. Kuku wanazunguka mbali. Lukasi alipotaka kuupiga teke Bi Zawadi alimshika shati kwa mikono miwili. Kuuinua kwa mkono ni kumwambia karibu, alisema; kuuangusha mwenyewe ni kumwambia twende. Kwa hiyo hauinuliwi wala hauangushwi. Unatazamwa tu.

Na unapungua. Kila Alhamisi magharibi Lukasi anakwenda kuutazama, na kila Alhamisi ncha imeshuka, kiasi cha kuchota kwa vidole vitatu. Zamani ulikuwa kimo cha chungu. Rajabu hataki kuongea habari zake. Bi Zawadi anasema hajui ukiisha itakuwaje, kwao haijawahi kutokea, maana kwao hakuna mtu aliyewahi kuugusa. Hajasema kwa kumlaumu. Ndivyo ilivyo tu.

Na kila Alhamisi magharibi, Beatrice anasimulia, mtoto huvaa viatu, hubeba begi lake, huenda kukaa mlangoni akitazama barabara ya Mtawanya. Haogopi. Hilo ndilo linalomkata Lukasi maini, kwamba mtoto haogopi. Ukimshika mkono umrudishe ndani anakuja vizuri, ana adabu zake, ila anauliza kwani hatuendi?

Alhamisi iliyopita, Februari hii, Lukasi aliukuta unga umebaki kama wa kujaza kizibo cha soda. Alichuchumaa akautazama mpaka miguu ikafa ganzi. Bi Zawadi alimletea maji hakuyanywa. Alirudi Likombe taa za watu zikianza kuwaka, mbwa wa Mtawanya kimya njia nzima, na akamkuta Irene mlangoni, begi mgongoni, daftari mapajani na penseli mkononi.

"Mama yako yuko wapi?"

"Jikoni."

Lukasi akachuchumaa mbele yake. Ukurasa ule wa nyuma ulikuwa wazi. Twiga hajaguswa. Tembo, kiboko, pundamilia, wapo kama alivyowaandika mwaka jana. Juu kabisa, mbele ya jina lenye mistari miwili, mtoto ameweka alama ya vema, safi, kama ya mwalimu.

"Umemwona wapi, mama?"

"Hapa. Kaja sasa hivi, kaondoka taa ya pikipiki yako ilipotokea pale kona." Irene aligeuza uso ili baba yake aone. Lile shavu lingine, lililokuwa salama, nalo lilikuwa na mistari minne myeupe. "Kanishika taratibu tu, baba. Kasema Alhamisi ijayo."

Jikoni sufuria ililia, Beatrice anakoroga ugali.

"Hukumwogopa?" Lukasi akanong'ona.

Mtoto akamtazama kwa mshangao. "Kwa nini? Ana mkono kama wako."

Lukasi akautia mkono wake wa kulia mfukoni. Ulikuwa umeanza kupata moto.