Anayemlilia Chuma

Asubuhi hiyo ilianza vizuri. Jua lilikuwa limeingia mpaka katikati ya sebule, cherehani ilikuwa inakwenda bila kukata uzi, na jirani msusi alikuwa ameegemea dirisha kwa nje, anapiga soga badala ya kwenda kufungua saluni yake.

"Mama Chuma, wewe hupumziki?"

"Nikipumzika, kola hizi utazimalizia wewe?"

"Mimi nikishona shati, mtoto wa watu atatoa kichwa kwenye mkono."

Fundi akacheka, akaendelea kukanyaga cherehani. Mlangoni, binti yake alikuwa anapanga vifungo kwenye mkeka. Huyo ndiye Chuma. Jina alipewa na watoto wa mtaa, na mama yake hakulipenda hata kidogo, ila alikuwa amechoka kubishana na kila mtu juu ya kila kitu.

Mtoto huyu alizaliwa hasikii maumivu. Akinyimwa pipi alilia mpaka mtaa wa pili ukajua. Akiogeshwa alifoka. Lakini akijikata, akijichoma, akianguka na kupasuka goti, alitazama damu kama anatazama maji ya bomba. Watoto wakubwa walikuwa wanamfinya kwa zamu ili waone, naye anacheka nao. Vidole vyake vilifungwa vitambaa vya pamba muda wote, maana alivitafuna kama mwanafunzi anavyotafuna penseli.

Watu walisema ni bahati. Fundi alipowasikia alitamani kuwarushia mkasi. Kila jioni alimvua mtoto nguo akamkagua kwa tochi, kuanzia kwenye nywele mpaka katikati ya vidole vya miguu, ndani ya mdomo, nyuma ya masikio, kama mtu anayechambua mchele. Na kila alipompeleka kliniki na jeraha jipya, alikuta muuguzi mgeni anayemtazama kwa jicho la pembeni.

"Huyu mtoto anapigwa nyumbani?"

Aanze tena kueleza. Kila mara aanze mwanzo.

Daktari wao alishawaeleza vizuri. Ni maradhi ya kurithi, tena adimu. "Mwili wake hauna kengele," alisema. "Ninyi wazazi mnasikia maumivu kama kawaida, lakini kila mmoja amebeba kasoro bila kujua, na mtoto amezipokea zote mbili. Si kosa la mtu. Ila nisaidieni jambo moja. Kwenye koo zenu, aliwahi kuwapo mtoto asiyelia akiumia? Aliugua nini? Nikijua hilo, nitajua la kuogopa."

Upande wa fundi hakukuwa na wa kuulizwa. Alilelewa na watu baki. Upande wa mume alikuwapo mama mkwe, naye alijibu kabla swali halijaisha.

"Kwetu hakuna. Watoto wangu mimi walilia watu wakaziba masikio. Atazame alikotoka yeye."

Mume, ambaye alikuwa fundi rangi, alikuwa anakwangua rangi iliyokauka kwenye kucha zake. "Tuyaache hayo," alisema. Ndilo lilikuwa neno lake kwa mambo yote.

Basi asubuhi hiyo, msusi alipokwisha kuondoka, fundi alisikia mtoto analia.

Hakikuwa kilio cha pipi. Kilikuwa kilio cha mtoto aliyeumia: pumzi inapotea kwanza, kisha sauti inapasuka. Kilitoka stoo, chumba cha nyuma walichowekea mabaki ya vitambaa. Fundi akatazama mlangoni. Mkeka ulikuwa mtupu.

Aliinuka mpaka kiti kikaanguka. Wala hakuogopa. Alifurahi. Alikimbia huku moyo unamrukaruka: analia, mwanangu analia, amepona.

Chuma alikuwa amekaa stoo juu ya furushi la vitambaa, anaimba. Sindano kubwa ya kushonea magunia ilikuwa imezama kwenye unyayo wake, limebaki tundu tu. Aliinua uso akamtabasamia mama yake.

Kilio kilikuwa kinaendelea.

Kilikuwa nyuma ya mlango.

Fundi hakugeuka. Aliiuma sindano kwa meno, akavuta. Ilipotoka, sauti ile ilipiga yowe moja, ikavuta kamasi, ikanyamaza. Nyuma ya mlango hakukuwa na mtu. Lakini ukutani kwa chini, kwenye kimo cha uso wa mtoto, plasta ilikuwa imelowa.

"Ni watoto wa jirani," mume alisema aliporudi kutoka kazini.

"Jirani gani? Msusi ana paka."

"Tuyaache hayo."

Siku nyingine umeme ulikatika fundi akiwa anapiga pasi. Akatoka nje kuanika nguo, akasahau kuichomoa. Umeme ukarudi. Yeye hakujua. Alichosikia ni kilio, safari hii cha juu zaidi, kama cha mtu anayemwita. Alitupa nguo mbichi mchangani akakimbia. Chuma alikuwa ameegemeza kiganja kwenye pasi, anasubiri ipate moto ili amsaidie mama. Ngozi ilikuwa bado haijaharibika. Angechelewa kidogo tu, ingebaki kwenye chuma.

Tangu hapo akaanza kuitegemea sauti ile. Usimshangae. Mtu ambaye hajawahi kushona mshono mmoja bila kugeuka nyuma hajui raha ya kuinamisha kichwa. Alimaliza gauni zima la harusi bila kwenda kumchungulia mtoto. Alikunywa chai ikiwa ya moto. Kilio kikija, anakwenda, kisipokuja, anashona. Siku moja alisimama stoo peke yake, akajisikia mjinga, halafu akanong'ona, "Asante."

Kwenye kona, mtu alivuta kwikwi.

Mama mkwe alikuja kuwatembelea. Nyumba ilikuwa yake; hapo ndipo alipolelea watoto wake kabla ya kumwachia mwanawe na kwenda kuishi kwa binti mkubwa. Alikagua masufuria, akakagua mapazia, akasema chai ina maji mengi. Fundi aliitikia "ndiyo, mama" mpaka taya zikamuuma.

Walikuwa wanakula mchana. Mume alikuwa anasimulia habari za tajiri aliyetaka ukuta wa rangi ya maziwa, si nyeupe, ya maziwa. Kilio kikaanza stoo. Wote wakakisikia. Fundi aligeuka kwa mtoto haraka. Chuma alikuwa anatafuna taratibu, na damu ilikuwa inamtiririka kidevuni. Alikuwa anatafuna ulimi wake.

Fundi akamfungua mdomo, akaweka kitambaa. Ndipo alipomwona mama mkwe.

Mtu mwingine angeuliza, nini hiyo? Angeuliza, nani yuko huko ndani? Mama mkwe hakuuliza. Kijiko kilikuwa kimemponyoka. Alikuwa anatazama mlango wa stoo, na midomo yake ilicheza polepole.

"Amejifunza lini kulia?"

"Nani, mama?"

"Hakuna. Nimesema nini? Hakuna." Akasimama. "Nyumba hii ina uchafu. Inataka kusafishwa. Leo leo."

"Mama, huyo ndiye anayeniangalizia mtoto."

"Umesikia?" mama mkwe alimgeukia mwanawe. "Mkeo amekodi shetani awe yaya."

Fundi alimtazama mume wake. Mume alitazama sahani. "Mama anaijua nyumba hii zaidi yetu," akasema.

Walimleta mganga mmoja aliyeitwa Fagio, mtu mwembamba, mpole, mwenye jasho jingi. Hawakumsubiri fundi. Alikuwa amekwenda na Chuma kupeleka sare, na aliporudi akakuta madirisha yote wazi, moshi unatoka, na Fagio yuko ndani anafagia kutoka stoo kuelekea mlango wa mbele. Anafagia sakafu isiyo na kitu. Anafagia kwa nguvu, kama mtu anayesukuma mzigo mzito.

Mbele ya fagio lake mtoto alikuwa analia.

Hakuonekana. Sauti tu, chini, inaburutwa. Ilifika kwenye mguu wa meza ya cherehani, ikakwama hapo. Meza ikatikisika. Bobini zikaanguka.

"Hataki kutoka," Fagio alinong'ona. Uso wake ulikuwa umelowa. "Bibi, huyu si shetani. Huyu anasema atabaki na mtoto mwenzake."

"Fagia!" mama mkwe alisema. Alikuwa amejifunika uso kwa mikono.

Fagio akafagia. Meza ikatulia. Sauti ikaja mlangoni. Ikampita fundi pembeni ya goti. Kitu kidogo, cha baridi, kikashika sketi yake. Kikaishika kwa ngumi. Kikang'ang'ania.

"Mwacheni!" fundi alisema. "Mwacheni abaki!"

Fagio akapitisha fagio mara moja zaidi. Sketi ikavutika, ikaachiwa.

Kimya.

Kimya hicho kilikuwa kibaya kuliko kilio. Fundi alirudia tochi yake. Alirudia kugeuka nyuma kila mshono. Alishona mikono ya mashati ya watu kinyume, akafumua, akashona tena kinyume. Hakusema na mama mkwe, na mama mkwe, sijui kwa nini, hakuondoka.

Kisha asubuhi moja Chuma alikataa chai. Akakataa na pipi. Mwili wake ulikuwa wa moto.

"Unaumwa wapi, mama?"

"Siumwi."

Fundi alimvua nguo, akamkagua. Nywele. Masikio. Mdomo. Miguu. Akarudia. Hakuna mchubuko, hakuna mwiba. Alimlaza, akaenda stoo, akapiga magoti, akaweka sikio ukutani.

"Niambie," alinong'ona. "Ni wapi? Tafadhali. Niambie ni wapi."

Plasta ilikuwa kavu.

Alitoka hapo akiwa mtu mwingine. Mama mkwe alikuwa anakunja nguo kitandani. Fundi hakuwahi kumpandishia sauti tangu aolewe. Hata kikohozi alikuwa anakipunguza mbele yake.

"Mama, uliuliza amejifunza lini kulia. Nani huyo alikuwa hajui?"

"Mwanangu, mambo ya zamani..."

"Mwanangu ndiye yule pale anaungua! Kengele hana, na aliyekuwa anamlilia mmemfagia! Mimi nimebeba ubaya huu, nimekubali, nimesemwa, nimenyamaza. Sasa nambie, mtoto wako aliugua nini akafa?"

Mama mkwe alikaa. Shati la mwanawe lilikuwa mapajani, nusu limekunjwa.

"Tumbo," alisema, kwa sauti ndogo sana. "Alikuwa wa kwanza kabisa. Alikuwa hatusumbui. Nilijivuna kwa wenzangu, nikasema nimezaa malaika. Akapata homa. Nikamuuliza, unaumwa? Akasema siumwi. Akaenda kucheza stoo, wakati huo kilikuwa chumba cha watoto. Nilimkuta jioni. Daktari alisema tumbo lilikuwa limepasuka ndani tangu jana yake." Akakunja kola ya shati, akaikunjua. "Watu wangesema nini? Nilisema ni homa."

Fundi hakungoja zaidi. Mume alikuwa kibarazani anavaa viatu vya kazi, fundi akamwekea mtoto mikononi, akasema, "Hospitali. Na ole wako uniambie tuyaache."

Hakusema. Alikimbia.

Mapokezi walikuta muuguzi mgeni. Alimbonyeza Chuma tumbo, Chuma akacheka, anatekenywa. "Mtoto mzima huyu. Mpeni maji mengi, mrudi nyumbani."

Fundi alianza tena kueleza, mwanzo kabisa, na sauti ikamkatikia njiani. Mama mkwe, aliyewafuata huku anahema, akamsogeza pembeni.

"Hana kengele huyu," alisema. "Ni ya ukoo. Ni ya kwetu. Wa kwangu alikufa kwa tumbo. Mwite daktari."

Kilikuwa kidole tumbo, kimevimba, kinakaribia kupasuka. Chuma alipasuliwa mchana huohuo. Alipozinduka aliuliza vifungo vyake viko wapi, kisha akaanza kushika mshono, ikabidi wamfunge soksi mikononi.

Waliporudi nyumbani, fundi alifua nguo zote za siku zile, pamoja na sketi aliyoivaa siku ya Fagio. Ilipokauka akaiweka mezani kuipiga pasi. Pembeni, kwenye usawa wa goti, kitambaa kilikuwa kimekunjamana, kama kilichokamatwa kwa ngumi. Akapitisha pasi. Makunyanzi yakabaki. Akanyunyiza maji, akaongeza moto, akakandamiza kwa uzito wake wote. Yeye ni fundi. Hakuna mkunjo uliowahi kumshinda.

Alipoinua pasi, makunyanzi yalikuwa palepale, alama za vidole vidogo vilivyojikunja. Nguo yote ilikuwa kavu kasoro hapo.

Mama mkwe alikuja akasimama nyuma yake. Kisha akanyoosha mkono, akagusa zile alama moja moja, mpaka kwenye moja iliyokuwa fupi kuliko inavyotakiwa.

"Kidole hiki," alinong'ona. "Alikitafuna akakimaliza ncha. Nami nilimfunga vitambaa."

Fundi alitazama kitandani. Chuma alikuwa amelala, soksi mikononi, pumzi zake shwari. Akarudisha macho mezani. Bila kufikiri, kwa mazoea tu ya kazi, akaishusha tena pasi.

Karibu sana, chini ya meza, pumzi ya mtoto ikapotea, kama ya anayekaribia kulia.

"Usiipige pasi tena, mwanangu," mama mkwe alisema. "Siku hizi anasikia maumivu."