Mkunjo wa Mwalimu Elieth

Mwalimu Elieth aliijua kazi ya mikono yake, na ile pembe hakuikunja yeye. Nyota ya karatasi aliyoiacha mezani alipokwenda kanisani ilikuwa na pembe sita. Aliporudi aliikuta na saba, na hiyo ya saba ilikuwa imelowa. Akainusa. Ilinuka mihogo iliyolowekwa ikasahaulika. Akaitupa jalalani na kunawa kwa sabuni, lakini harufu ikamganda kwenye kucha.

Alikuwa mwalimu wa hesabu, mgeni Kasulu, amepanga nyumba ya Bi Mwanahawa, mjane wa mfanyabiashara wa Ujiji. Maumbo aliyafundisha kwa karatasi na mkasi: kata hapa, kunja pale, bila tone la gundi, na karatasi bapa inasimama ikawa mchemraba. Wanafunzi walimpendea hilo. Ila alikuwa na kiherehere kimoja: akiona kitu kimekunjwa kwa ufundi, hana raha mpaka akifungue ajue kilivyokunjwa.

Juu ya mlango wa chumba cha mwanawe Josepha palikuwa pamechomekwa karatasi kuukuu, imekunjwa ikawa ndogo kama kiberiti. Mtu mwingine angeiacha. Yeye aliifungua, akaisoma mikunjo yake yote kwa vidole, akafurahi. Kisha akaikata kwa mkasi, akatengeneza ile nyota kwa ajili ya maonyesho ya shule.

Baada ya nyota kutupwa, Josepha akaanza kubabuka. Ngozi ya kisigino ilitoka yenyewe, bila maumivu, kama ganda la nyanya iliyomwagiwa maji ya moto. Elieth akadhani ni fangasi, akampaka dawa ya zahanati.

Alasiri moja, mvua ikipiga bati, alisikia chumbani kwa mtoto karatasi ikikunjwa, taratibu, kwa subira ya fundi. Akaingia. Hapakuwa na karatasi. Josepha alikuwa amelala kifudifudi, na ubavuni pake, juu ya shuka, vilipangwa vinyota vidogo vya rangi ya mwili, na Elieth alipookota kimoja alikikuta kina joto, kinateleza, kina vinyweleo, na kabla hajakitupa kikamfungukia kiganjani kidogo kidogo, kikajitandaza, kikamnata, na ndipo alipojua kwamba ameshika ngozi ya mwanawe. Alitapika pale pale.

Bi Mwanahawa alikuja mbio, akaona, akamwita Maalim Abdalah, msomaji wa dua wa mtaani. Walizungumza kwa kunong'ona.

"Mwanangu, kile cha mlangoni ulikifungua?" aliuliza Bi Mwanahawa.

"Nilitaka tu kuona kilivyokunjwa, mama."

"Basi kikunje tena," alisema Maalim. "Mikunjo yake unaijua wewe."

"Nimekikata, Maalim."

Maalim alifumba macho. "Lo! Kilichokuwa humo hakikai kwenye kitu kilichokatwa. Sasa kinajijengea nyumba, na hivi vipande havitakitosha. Kinataka ngozi pana, isiyo na tundu."

Akainua blauzi ya mtoto. Mgongoni, kutoka bega hadi bega, ulikuwa umeshapita mstari mweupe, ulionyooka kuliko wa rula.

Elieth hakungoja. Alipandisha nguo yake mwenyewe, akaacha tumbo wazi. "Soma, Maalim. Nitakunja hapa."

Maalim akasoma, naye akakunja, mkunjo juu ya mkunjo, kwa mpangilio ule ule alioufurahia. Ngozi ilikubali upesi mno, ikavutika, ikashikana kwa ute wa njano, na kitu cha baridi kikapenya katikati, kikajigeuza geuza, kikatulia. Kustarehe kwake ndiko kulikomtia kinyaa kuliko yote.

Josepha alipona. Mama yake siku hizi anatembea ameinama, mkunjo usije ukafunguka, na wanafunzi wanadhani mwalimu wao anaumwa mgongo. Kila asubuhi hujipangusa ule ute kwa kitambaa na kukichoma, akiwa ameziba pua. Mkunjo haukauki.

Juzi Josepha alisimama ukutani, amejinyoosha, anacheka.

"Mama, nimekua! Njoo tupimane. Simama wima."

Elieth alicheka naye, akiwa amebana tumbo kwa mikono miwili. Ndani ya mkunjo, kitu kiliamka kikasikiliza.

"Mama, nyooka basi!" Josepha alisema, akamshika mabega na kuanza kumvuta.