Watatu wa Kwenda Langzhong

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Ruoqing aliketi kwenye kigoda mbele ya babu yake na kumnyoosha vidole vya mkono wa kushoto, kimoja baada ya kingine, kama walivyoelekezwa hospitalini. Mkono ulikuwa mzito na wa baridi. Tangu kiharusi kimpige wakati wa vuli, upande wa kushoto wa Babu haukumtii tena, na maneno yake yalitoka polepole, yamepinda pembeni mwa mdomo. Ruoqing alimaliza vidole, akamsogezea bakuli la uji wa mchele na kisahani cha mboga za kuchachua, akamfunga kitambaa kifuani, kisha akachukua mkoba wake.

“Umechoka?” Mama aliuliza kutoka mlangoni, huku akivaa viatu vya kazini. Mama aliuza miwani katika duka moja mjini Nanchong.

“Sijachoka,” Ruoqing alijibu.

Ilikuwa kweli. Hakuwa amechoka. Hakuwa na furaha wala huzuni. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na kwa miezi yote ya baridi alikuwa ameishi hivyo, kama mtu anayetazama televisheni iliyozimwa sauti.

Shuleni, rafiki yake Jiahui alikuwa ameshalichoka jambo hilo. “Hivi wewe una nini?” alimuuliza wakati wa mapumziko, akipunga raketi ya mpira wa vinyoya. “Zamani ukishindwa mchezo ulikuwa unanuna siku nzima. Sasa nakufunga, unasema ‘sawa’. Umekuwa kama ile mashine ya kuuza maji pale getini. Mtu anabonyeza, unatoa chupa.”

“Sawa,” Ruoqing akasema.

“Unaona sasa!” Jiahui alipiga kelele, akaenda kutafuta mtu mwingine wa kucheza naye.

Majira ya kuchipua yalipofika, Babu alianza kurudia neno moja mezani. “Langzhong,” alisema. Siku iliyofuata akalisema tena. Langzhong ulikuwa mji wake wa kuzaliwa, mji mkongwe wenye vichochoro vya mawe kando ya mto Jialing. Aliuacha akiwa kijana kuja kufanya kazi katika kiwanda cha hariri, na kila mwaka aliahidi kurudi kuutembelea, na kila mwaka likatokea jambo.

“Anataka kwenda kwao,” Mama alisema akiosha vyombo. “Lakini nitawezaje? Baba yenu yuko na lori lake huko Xinjiang mpaka kiangazi. Mimi nina kazi. Kusafiri na kiti cha magurudumu si mchezo. Tutalala wapi? Tutapita wapi?”

“Nitapanga mimi,” Ruoqing alisema.

Mianmian, mdogo wake wa miaka saba, aliruka kutoka kwenye kiti. “Tutakula mikate ya mvuke ile yenye muhuri mwekundu! Nitakula mitano! Babu, wewe utakula mingapi?”

Babu aliinua mkono wake mzima na kunyoosha vidole vyote.

Ruoqing alipanga safari kwa bidii ambayo hata mwalimu wake angeishangaa. Alipiga simu kituo cha treni kuuliza behewa lenye nafasi ya kiti cha magurudumu. Alichagua siku za baada ya sikukuu ya kusafisha makaburi ya wazee, ili wasikutane na umati. Kazi ngumu ilikuwa kupata nyumba ya kulala. Nyumba za mji mkongwe zimejengwa kuzunguka ua, na kila mlango una kizingiti cha mbao kinachofika karibu na goti.

“Samahani, Mama,” alimwambia mwenye nyumba mmoja kwenye simu. “Mna mlango usio na kizingiti?”

Mwanamke wa nyumba ya kwanza alicheka mpaka akakohoa. “Mwanangu, nyumba ya kale isiyo na kizingiti? Hiyo itakuwa gereji!”

Wa pili alisema vijana wake wangembeba mzee juujuu. Ruoqing alikataa. Babu asingependa kubebwa kama gunia mbele ya watu wa kwao. Wa nne au wa tano, Mama Hou, alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema, “Mume wangu ni fundi seremala. Atatengeneza daraja la mbao la kuvukia kizingiti, na chumba cha chini nitawawekea nyinyi. Mzee wako amezaliwa mtaa gani?” Ruoqing akamtajia. “Kumbe ni jirani! Mko wangapi?”

“Watatu,” Ruoqing alisema, akampa namba ya simu ya Mama yake.

Mama alipopewa habari, alimshika mabega. “Sijui ningefanya nini bila wewe,” alisema, na macho yake yalikuwa yamelowa.

Ruoqing alisubiri kuona kama maneno yale yangemgusa. Hayakumgusa. Yalimpita tu, akaenda kufagia.

Hakuna aliyejua kwa nini alikuwa hivyo. Wakati wa vuli, kabla Babu hajaugua, Ruoqing alikuwa amepewa kazi moja ndogo. Kila asubuhi alitakiwa kumpa Babu kidonge cha presha na kuhakikisha amekimeza. Asubuhi moja alichelewa kuamka, kisha akapoteza muda kutazama video kwenye simu. Mama alipiga kutoka dukani. “Babu amekunywa dawa?” Ruoqing, mguu mmoja ndani ya kiatu, akajibu, “Amekunywa.” Hakuwa amempa. Alijiambia atampa akirudi. Aliporudi kutoka shule, alikuta majirani ngazini na gari la wagonjwa likiwa limeshaondoka.

Hospitalini hakulia. “Mtoto jasiri,” watu walisema. Yeye mwenyewe alishangaa. Alijaribu kulia, akashindwa. Kuanzia siku hiyo kitu fulani ndani yake kilinyamaza, naye hakukiuliza kilikoenda.

Jumamosi kabla ya safari, Mama alikuwa jikoni akikaanga tofu ya maharage ya soya, na Babu na wasichana wameketi mezani, pale simu ilipoita. Mikono ya Mama ilikuwa na mafuta, akabonyeza spika kwa kiwiko.

“Dada, hujambo? Ni mimi Mama Hou wa Langzhong. Nahakikisha tu. Wageni watatu, sivyo? Wewe, mzee, na mtoto wa miaka saba. Vitanda viko tayari.”

“Wanne,” Mama alisema. “Wasichana ni wawili.”

“Huyo binti aliyepiga simu aliniambia watatu. Hata tiketi za treni alizonitajia ni tatu. Labda nimesikia vibaya?”

Mama alimgeukia Ruoqing. “Nitakupigia baadaye, dada,” alisema taratibu, akakata simu. “Ruoqing. Umejisahau mwenyewe?”

“Nina mtihani siku hiyo.”

“Mwongo!” Mianmian alidakia, mdomo umejaa wali. “Mtihani wao umeshaisha! Hata karatasi alirudishiwa, mimi niliiona!”

Mama alizima jiko. Tofu ziliendelea kuchemka kidogo kwenye mafuta, kisha zikatulia. “Nakusikiliza,” alisema.

Ruoqing alitazama meza. Alidhani maneno yangekuwa magumu kutoka, lakini yalitoka bila shida yoyote, kana kwamba yanamhusu mtu mwingine. “Siku Babu alipoanguka, sikumpa dawa. Ulipopiga simu nilikudanganya. Mimi ndiye niliyemfanya awe hivi. Sistahili kwenda kutembea.”

Mianmian aliacha kutafuna. Mama alivuta kiti akakaa, uso umempauka.

Babu ndiye aliyepiga meza. Alipiga kwa mkono wake mzima, mpaka vijiti vya kulia vikaanguka chini. “Si…” alisema, akameza mate, akaanza upya. “Sikuwa… nameza.”

“Nini, Baba?” Mama aliuliza.

“Dawa. Wiki nyingi. Naweka… chini ya ulimi. Mtoto akienda… natema.” Alionyesha kwa kidole roshani, mahali palipokuwa na chungu cha ua la Mama. “Pale.”

Mianmian alikimbia roshani akachungulia kwenye chungu. “Hamna kitu!” alitangaza. “Ila ua limekufa!”

“Baba!” Mama alisema, na sauti yake ilikuwa juu kuliko walivyowahi kuisikia. “Kwa nini?”

“Miguu… ilivimba. Kichwa… kinazunguka.” Babu aliinamisha kichwa kama mwanafunzi aliyekamatwa. “Sikutaka… mseme… mzee msumbufu.”

Mama alimtazama baba yake, kisha akamtazama binti yake. Alifunika uso kwa viganja vyake vyenye mafuta. Alipovitoa alisema, “Jumatatu tunakwenda kwa Daktari Miao kumpima Babu kabla ya safari. Mtakwenda wote wawili, na mtayasema haya mbele yake. Yote.” Halafu akaokota vijiti, akavisafisha, akawapakulia chakula. Walikula.

Daktari Miao wa zahanati ya mtaa alikuwa mama wa makamo mwenye sauti nzito. Alimsikiliza Babu, kisha Ruoqing, bila kumkatiza yeyote.

“Mzee Pu,” alisema, “kila mwezi nilikuuliza kama dawa inakukubali. Ukasema vizuri sana. Mimi nikaandika vizuri sana. Kumbe nilikuwa namtibu mtu asiyekuwepo! Kuvimba miguu hutokea, na dawa za presha zipo nyingi. Ungesema tu, ningekubadilishia siku hiyohiyo.”

Babu alikubali kwa kichwa.

“Nawe, Ruoqing, sitakudanganya kukufurahisha. Kusema amekunywa wakati hajanywa ni kosa, na ni kosa la hatari. Lakini kidonge cha siku moja hakikuleta kiharusi hiki. Presha yake iliachwa bila dawa kwa wiki nyingi, na hilo wewe hukulijua. Umekuwa ukibeba mzigo wa watu wawili.” Alichukua kalamu. “Unalala? Unasikia njaa? Unalia?”

“Nalala. Nakula,” Ruoqing alisema. “Silii. Sisikii chochote. Toka vuli.”

“Hilo nalo ni la kumwambia daktari, sawa na homa. Mtu akiwa na hofu kubwa asiyoisema, hufika mahali asihisi kitu. Si ubaya wa moyo. Nitampa mama yako jina la mshauri wa watoto. Utakwenda?”

“Nitakwenda.”

“Na Langzhong?”

Babu alinyoosha mkono wake mzima akamshika Ruoqing kwenye mkono wa sweta, akamvuta mara mbili. “Wanne,” alisema.

Wakaenda wanne. Mji ulikuwa na ukungu wa mvua, na harufu ya siki ilitoka kwenye milango ya maduka. Ruoqing alisukuma kiti juu ya mawe, akichagua njia iliyo sawa. Mama alimwomba radhi Mama Hou kwa kitanda cha ziada, naye akasema kitanda si kitu. Babu alizungushwa katika mtaa aliozaliwa. Nyumba yao ilikuwa sasa duka la nyama ya ng’ombe iliyokaushwa, na kijana muuzaji alimpa kipande cha kuonja bila kujua ni nani. Babu alikitafuna kwa upande mmoja, akitazama paa kwa muda mrefu.

Mbele kidogo, Ruoqing akimkwepa mtu mwenye mwavuli, alijikwaa. Kidole gumba cha mguu kilipiga ncha ya jiwe. Alisimama. Maumivu yalipanda mpaka kwenye goti, makali, na mara machozi yakaanza kumtoka. Alijaribu kuyazuia, yakazidi. Alikaa chini kwenye ngazi ya duka la watu, ameshika kiatu, akalia kwa sauti kama mtoto mdogo, mpaka wapita njia wakageuka.

“Inauma?” Mama aliuliza akikaa karibu naye kwenye jiwe lililolowa.

“Inauma,” alisema kwa kwikwi. “Mama, inauma sana.”

Mama alimkumbatia, akamwacha alie. Mianmian alisimama mbele yao na mkate wa mvuke mkononi, akafikiri, akaukata, akampa dada yake kipande kidogo.

Kilio kilipopungua, Mama alisema, “Nisikilizeni nyote, na mimi mwenyewe nijisikilize, maana nilikuona, Ruoqing, umekuwa kimya, nikasema ni utulivu kwa kuwa ulinisaidia kazi. Kwetu nyumbani kulikuwa na watu wawili wanaoficha na mmoja asiyeuliza. Sasa basi. Mtu akikosea, aseme siku hiyohiyo, hata kama atagombezwa. Mtu akiumwa, aseme, hata kama ni kidogo. Kugombezwa kunaisha jioni ile ile. Kuficha hakuishi. Tumeelewana? Baba, hata wewe.”

Babu aliwatazama mmoja mmoja. Akajikohoza.

“Basi nasema,” alisema kwa taabu. “Nimebanwa… na mkojo.”

Mianmian aliangua kicheko. Mama naye akacheka. Ruoqing alijifuta pua kwa mkono wa sweta, akasimama kwa mguu mmoja. Kidole bado kilikuwa kinauma. Akashika kiti cha Babu, akamgeuza.

“Choo kiko huku, Babu,” alisema. “Jikaze kidogo.”