Tovuti Isiyokaribisha Wageni

Kila alfajiri Stamenka hupiga ishara ya msalaba, hujifunga kitambaa kichwani, kisha huingia chumba cha tanuri. Mumewe Gradimir huwa ameshaanza kukanda unga. Huwa ameshaanza kulalamika pia.

Mwaka ule alikuwa na sababu. Duka lao la mikate liko katika mji mdogo kando ya mto Morava, Serbia. Mkate wa kila siku watu walikuwa wakinunua supamaketi. Kilichobakia ni mkate wa slava, sikukuu ya mtakatifu wa ukoo. Kila ukoo una mtakatifu wake, na siku yake ikifika, mkate wa duara lazima uwe mezani, umepambwa kwa msalaba, ndege na zabibu za unga. Hakuna aliyeupamba kama Stamenka. Lakini vijana wengi wa mji walikuwa wamehamia mbali, na oda zilikuwa zikipungua.

Mwezi wa Septemba akaja mtu wa michezo ya kubahatisha. Alitaka kukodi lile duka.

"Tutakujibu baada ya sikukuu ya Mtakatifu Dimitri," Gradimir alimwambia. Mgeni alipoondoka, akamgeukia mkewe. "Hiyo ni Novemba. Kama oda ni hizi hizi, tunazima tanuri."

Stamenka alirudi mezani kwake. Tanuri lile lilijengwa na baba mkwe wake. Tangu aolewe hajaliona limepoa. Alichukua unga akaendelea kutengeneza ndege, lakini mabawa yalimtoka vibaya.

Siku iliyofuata aliingia jirani yao, Vidosava, mfuga nyuki. Huuza asali yake kwenye mtandao, hata kwa watu wasiojua sura yake.

"Jirani, binamu yangu wa Belgrade anataka namba yenu ya simu," alisema. "Ngoja nimtumie tovuti yenu. Si mnayo?"

"Tunayo," Stamenka alisema kwa fahari. "Alitutengenezea mpwa wa Gradimir kabla hajahamia ng'ambo."

Vidosava akafungua simu. Wakasubiri. Wakasubiri tena. Mara kengele za kanisa zikalia kwa nguvu na kwaya ikaanza kuimba. Mzee aliyekuwa akingoja mkate alivua kofia.

"Vaa kofia, mzee wangu," Vidosava alimwambia. "Ni tovuti tu." Akaizima sauti, akatazama skrini. "Hapa pana picha ya baba mkwe wako na masharubu yake. Masharubu mazuri, Mungu amlaze pema. Mkate uko wapi?"

"Uko chini."

"Chini wapi? Nimeshuka kwenye historia yenu mpaka nimefika vita vya kwanza vya dunia. Na namba ya simu?"

"Hatukuweka."

"Saa za kufungua?"

"Hatukuweka."

"Mnaelekeza hivi: 'Tupo karibu na sinema.' Jirani, sinema ilibomolewa mimi bado mtoto wa kusukwa nywele."

"Kila mtu anajua sinema ilikuwa wapi," Gradimir alisema kutoka ndani.

Stamenka aliona uso unamchoma. "Vidosava, sisi hatukusahau. Tulikataa. Wewe unajua desturi yetu. Siku ya slava hatualiki mtu. Anayekujua anakuja mwenyewe. Sasa mimi nisimame kwenye mtandao niite watu, njooni, nunueni? Ni aibu."

Vidosava hakucheka. Alivuta kiti akaketi.

"Kweli hualiki mtu," alisema. "Lakini siku hiyo geti lako huwaje?"

"Wazi."

"Na mbwa?"

"Namfunga."

"Taa ya nje?"

"Naiwasha."

"Na mezani?"

"Mkate, mshumaa, chakula."

"Umeona. Huiti mtu, lakini anayepita anajua anasubiriwa. Sasa tovuti yako imefunga geti, imezima taa, na mbwa hajafungwa, anaimba kwaya. Hakuna anayekuambia ujisifu. Fungua geti tu."

Jumapili, baada ya ibada, wakaketi watatu jikoni. Vidosava aliwaonyesha kwenye simu yake namna ya kuibadilisha tovuti.

"Watu wengi wanafungua tovuti kwa simu ndogo kama hii," alisema. "Wako kazini au kwenye basi. Picha ikiwa nzito haifunguki, wanaondoka. Kwa hiyo tunapunguza uzito wa picha. Kwaya tunaiacha kanisani."

Walipiga picha mpya. Stamenka alitaka kuwasha taa zote. Vidosava akamzuia, akasogeza mkate dirishani, kwenye mwanga wa mchana. Ndege wa unga walionekana mpaka manyoya.

"Hii ndiyo inakaa juu kabisa. Chini yake namba ya simu, mtu akiigusa inapiga. Kisha saa, na alama ya duka kwenye ramani."

"Na baba?" Gradimir aliuliza.

"Baba anapata ukurasa wake mwenyewe. Atakayempenda atamfuata huko."

"Bei je? Tukiandika, majirani wote watajua."

"Gradimir, majirani wanajua hata soksi zako zimetoboka wapi. Asiyeona bei anadhani ni ghali, na anaona haya kuuliza."

"Watu huniuliza jambo lile lile kila mara," Stamenka alisema taratibu. "Kama mkate wa siku za mfungo una maziwa. Hauna, wala mayai. Na huuliza waagize lini."

"Basi andika hayo, kwa maneno yako hayo hayo. Na usiandike mara moja ukaacha. Siku mkifunga duka, sema mmefunga. Mtu akitoka mbali akakuta kufuli, harudi tena. Ukipigiwa simu, pokea. Mteja akifurahi, mwombe aandike neno chini ya picha. Sifa zako azitoe yeye, wewe utabaki na haya zako."

Stamenka alicheka. Hilo aliliweza.

Wiki mbili zilipita kimya. Gradimir alianza kulitazama duka kama mtu anayeaga. Kisha simu ikalia, mikono ya Stamenka ikiwa na unga mpaka viwikoni.

"Naitwa Bisenija, niko Novi Sad," sauti ilisema. "Nyumba ya mama iko huko kwenu. Slava yetu ni Mtakatifu Dimitri. Mama alikuwa akioka mwenyewe, na mwaka huu hayupo. Nimetafuta mtandaoni mkate wa slava na jina la mji, nikaona ndege. Mama alikuwa akiweka ndege vile vile. Mtanisaidia?"

"Tutakusaidia, mwanangu," Stamenka alisema, akafuta mikono atafute kalamu.

Bisenija alipouchukua mkate aliandika maneno machache chini ya picha. Baada yake wakapiga wengine, kutoka Belgrade, kutoka Vienna, watu wanaorudi nyumbani kwa slava na hawana tena mtu wa kuwaokea. Mtu wa michezo ya kubahatisha alipokuja kuchukua jibu, alikuta foleni.

"Samahani, mjomba," Gradimir alimwambia. "Ukitaka mkate, simama nyuma ya yule mama."

Desemba ikafika slava yao wenyewe, ya Mtakatifu Nikola. Stamenka aliandika kwenye tovuti kwamba siku hiyo wamefunga duka, ni sikukuu ya nyumba. Akafungua geti, akamfunga mbwa, akapika samaki na maharage, maana ni mfungo.

Mchana wakaingia uani mwanamke na mumewe, wamebeba maua. Alikuwa Bisenija.

"Mwanangu, leo tumefunga duka," Stamenka alisema kwa masikitiko. "Hukusoma?"

"Nimesoma, mama. Ndiyo maana nimejua leo ni slava yenu." Akatabasamu. "Na slava mtu si haalikwi, anakuja mwenyewe? Basi tumekuja."

Stamenka alisogea mlangoni, akawapisha.

"Gradimir," aliita ndani, "ongeza viti."