Koti la Bwana Afya

Jua lilikuwa linazama nyuma ya vilima vya Madale, na Audax alikuwa anashuka kwa haraka kufuata vitu vyake viwili: koti lake jeupe na muhuri wa kupigia nyama. Kesho asubuhi wakubwa wa manispaa wangepita kukagua machinjio, na safari hii walisema watamhoji mwenyewe; bwana afya alitakiwa akutwe amevaa koti, muhuri mkononi, kama mtu wa kazi. Tatizo ni kwamba koti na muhuri havikuwa kwake. Vilikuwa machinjioni kwa Brightson, na vilikaa huko tangu Audax alipochoka kuamka alfajiri.

Msimcheke. Nani kati yetu hajaingia ofisi ya umma akakuta koti limetundikwa kwenye kiti, mwenyewe yuko mtaani anakunywa supu, na ukiuliza unajibiwa, "Yupo, katoka kidogo, si unaona koti lake?" Audax aliupeleka mchezo huo mbele kidogo tu. Alitundika koti kwenye msumari machinjioni, akapanga gambuti zake za mpira chini yake, muhuri akautia mfukoni mwa koti. Brightson alikuwa anachinja, anauchukua muhuri, anagonga wino wa zambarau mapajani na mbavuni, anaurudisha. Ini halikupasuliwa, tezi hazikupapaswa. Jioni Audax alipitia fungu lake la maini lililofungwa kwenye gazeti, akaenda zake nyumbani.

Jumamosi iliyopita Brightson alimpigia simu.

"Mkuu, kuna ng'ombe kaletwa kalala. Hasimami. Damu inamtoka puani."

Audax alikuwa bado kitandani. "Piga muhuri," alisema, akageukia ukutani.

Basi jioni hii alifika machinjioni akakuta kimya. Hakuna redio, hakuna kisu kinachonolewa. Ndoano zote zilikuwa tupu. Nyama ya siku nzima ilikuwa imerundikwa sakafuni, imemwagiwa chokaa mpaka imekuwa nyeupe, na harufu ya chokaa ilimkaba koo.

Brightson alikuwa nje, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alipomwona Audax alisimama, akarudi nyuma hatua moja.

"Mkuu... umerudi?"

"Nimerudi kutoka wapi? Nimefuata koti langu."

Brightson alimtazama shati lake la kitenge, akamtazama kandambili zake.

"Koti si umelivaa wewe? Umekuja alasiri, umelivaa."

Audax aliingia ndani. Msumari ulikuwa mtupu. Chini yake palikuwa na alama mbili safi sakafuni, pale gambuti zilipokuwa zimesimama siku zote.

"Mie mchana kutwa nilikuwa nyumbani," alisema polepole. "Nimelala."

"Basi nani?" Brightson alinong'ona. "Sura yako, mkuu. Urefu wako. Hukusalimia mtu. Umepasua kila ini, umepapasa kila tezi, umenusa. Sijawahi kuona mtu anakagua vile. Nyama yote umeikataa. Nikasema, mkuu, hata salamu hakuna leo? Ukageuka... Kifua chako kilikuwa hakipandi wala hakishuki."

Audax alijaribu kucheka.

"Ukaniuliza kitu kimoja tu," Brightson aliendelea. "Umeniuliza, nyama ya Jumamosi imeliwa na nani? Nikakwambia wengi wamemaliza kuila, hawana neno, ila mifupa na maini vilikwenda kule juu kwenu. Ukaondoka kuelekea huko."

Hapo Audax alikumbuka kitambaa.

Mwaka jana Brightson alimleta mganga mmoja kutoka Kiwalani, mzee mpole, mfupi, mwenye kikohozi. Mganga aliomba jasho la bwana afya kwenye kitambaa. Akakikunja pamoja na vitu vyake, akakishona ndani ya pindo la koti. Mkaguzi akija, alisema, ataona mtu amesimama. Audax aliona ni kichekesho. Alijifuta shingo, akatoa kitambaa, akasema fanyeni mnavyotaka ilimradi nilale. Na kweli wakaguzi walikuja, wakatazama msumarini, wakaondoka na kuandika kwamba bwana afya wamemkuta kazini.

"Mganga alisema litasimama," Brightson alisema, machozi yanamlengalenga. "Hakusema litatembea."

Audax alipanda kilima akiwa anajiambia kwamba ni mwizi. Kuna mtu kaiba koti na muhuri, anataka kumharibia kazi. Alijiambia hivyo mpaka akafika kwa mwalimu Sekela, jirani wa kwanza upande wa juu. Mwalimu alikuwa barazani anasugua mkono wake kwa sabuni ya unga.

"Umesahau kitu, bwana afya?"

"Kwa nini?"

"Si umetoka hapa muda huu?" Alinyoosha mkono. Juu ya kifundo, kwenye ngozi, palikuwa na duara la wino wa zambarau. Muhuri wake. Namba yake. "Nasugua mpaka nachubuka, haitoki. Hii ni kampeni gani? Na hivyo vidole vyako, baba, baridi kama vimetoka kwenye jokofu. Umenipapasa shingo, umenipapasa kwapa, mtu mzima mwenzio, hata samahani hukusema."

"Nilisema nini?"

Sekela alimkazia macho, kama anavyomkazia mwanafunzi anayejifanya hajui. "Umesema, safi. Basi. Mie ile Jumamosi nilinunua mifupa tu, nikachemsha supu, na wala sikuimaliza, ilikuwa na harufu. Umekwenda kwa Benedikto. Bwana afya... u mzima lakini?"

Audax aliendelea kupanda. Giza lilikuwa limeanza kuingia kwenye vichaka, na taa za nyumba zilianza kuwaka moja moja kule chini Tegeta. Upepo ulimletea harufu mbele yake njiani.

Chokaa.

Benedikto alikuwa seremala, mwenye karakana yake Keko, mtu wa kunyanyua kabati peke yake. Audax alimkuta amelala kwenye kochi alilolitengeneza kwa mikono yake, macho nusu wazi. Mkewe Tabu alikuwa amepiga magoti sakafuni. Alipomwona Audax mlangoni hakushangaa. Alikasirika.

"Umerudia nini? Si umeshamkataa?"

"Tabu, sikiliza..."

"Asubuhi alikuwa mzima! Kaenda kazini kwake, karudi, kasema shingo inamuuma. Wewe ukaingia bila hodi, ukauliza maini ya Jumamosi kala nani, nikakwambia yeye tu, ukampapasa, ukatikisa kichwa. Mie na watoto umetugonga muhuri. Yeye hukumgonga. Umempaka hiki."

Kwenye paji la uso la Benedikto palikuwa na mstari mweupe. Nyama iliyokataliwa hupakwa chokaa ili mtu asije akaiiba na kuiuza. Audax alifundishwa hivyo chuoni, na hakuwahi kumweleza mtu yeyote pale kilimani.

Alipiga magoti. Aliweka vidole chini ya taya la jirani yake, kama alivyofundishwa kwa ng'ombe, na vidole havikuwa vimesahau. Vilijua mara moja. Tezi zilikuwa zimevimba, ngumu, na ngozi ilichoma kwa joto. Jina la ugonjwa lilimjia ulimini. Alilimeza.

"Hospitali," alisema. "Sasa hivi."

"Bajaji haipandi huku. Nisaidie tumbebe mpaka barabarani. Shika miguu."

Audax alishika miguu. Ilikuwa mizito. Walifika mlangoni, Tabu anahema, na Benedikto akatoa sauti ndogo, kama mtoto anayeota.

"Halafu uniambie," Tabu alisema huku anarudi kinyumenyume, "mbona ulipotoka hapa ulisema unakwenda kumalizia kwa bwana afya? Bwana afya si wewe?"

Miguu ya Benedikto ilimponyoka mikononi.

Nyumbani. Maini ya Jumamosi. Yeye mwenyewe ndiye aliyeyapeleka, kwenye gazeti, akamwambia mkewe, yakaange na kitunguu kingi. Na Gladness, binti yake wa pekee, anayependa maini kuliko pipi.

"Nakuja, Tabu. Nakuja sasa hivi."

"Audax! Usiniache hivi! Audax!"

Alikimbia. Sauti ya Tabu ilimfuata mpaka kwenye kona, ikakatika. Alijua anachokifanya, na aliona aibu, na hakusimama. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao, na yeye alikuwa amelichuma, akalikaanga, akalipakua kwenye sahani ya mtoto. Mungu wangu, alisema kila alipovuta pumzi, Mungu wangu, si yeye, si yeye.

Getini alimwita mbwa. Tomi hakubweka.

Tomi alikuwa amelala ubavu karibu na bomba la maji, miguu imekakamaa. Kwenye paji lake palikuwa na mstari mweupe.

Audax alisukuma mlango kwa bega.

Kokushubila, mkewe, alikuwa jikoni anamenya ndizi. Aliinua kisu kwa hasira. "Wewe mwanaume umeingiwa na nini leo? Unaingia, unatoka, unaingia! Unatugonga mihuri kama mbuzi, kwa nini usiende kuwagonga huko kwenu Kamachumu?" Duara la zambarau lilikuwa kwenye mkono wake. Kwao maini ni mwiko wa ukoo, hajawahi kuyaonja tangu azaliwe.

"Gladness yuko wapi?"

"Chumbani. Baba Gladness, kuna nini?"

Mtoto alikuwa ameketi kitandani ndani ya chandarua. Audax alimpandishia mkono wa nguo hadi begani. Alitazama.

Wino wa zambarau. Duara kamili, halijakatika popote.

Alimpapasa chini ya taya. Laini. Alimpapasa tena, kwapani, shingoni, kila mahali alipofundishwa, polepole, hakuruka hata mahali pamoja. Mtoto alicheka kwa kutekenywa. Audax alimkumbatia, akalia kwa sauti, wala hakuona haya.

"Baba, usinichape," Gladness alisema sikioni mwake. "Jumamosi maini sikula. Yalikuwa machungu. Nilimpa Tomi."

"Sikuchapi, mama. Sikuchapi kamwe."

Simu ilitetemeka mfukoni. Tabu. Aliitazama ikiita. Alipaswa kupokea, na kidole chake kilikwenda mpaka kwenye kioo kikasimama hapo. Simu ilinyamaza. Haikuita tena.

Kesho nitakwenda, alijiambia. Kesho nitawaambia wakubwa kila kitu, ng'ombe, koti, kitambaa. Kesho nitaamka alfajiri.

"Baba," Gladness alisema, "umempata yule uliyekuwa unamtafuta?"

"Nani?"

"Ulisema wote umemaliza. Ukasema kabaki mmoja."

Kokushubila alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba, kisu mkononi. Alimtazama mumewe, akamtazama miguu yake. Aliona kandambili. Audax alimwona anakumbuka kitu, na uso wake ukaanza kubadilika.

"Ulikuwa umevaa gambuti," alisema kwa sauti ya chini.

Sahani ile ya Jumamosi... Audax alikumbuka alivyoifuta kwa kipande cha ndizi, na ya mtoto aliikuta tupu, akamsifu. Alinyanyua mkono. Taratibu, vidole vyake viwili vilikwenda chini ya taya lake mwenyewe.

Upande wa kulia, laini.

Upande wa kushoto...

Vidole havikuwa vimesahau.

Kupitia dirishani, kwenye wavu wa mbu, iliingia harufu. Kavu. Ya kukaba koo. Kisha nje, kwenye kokoto za uani, hatua za mtu aliyevaa viatu vya mpira, asiye na haraka. Zilipita pale alipolala Tomi. Zilikuja mpaka barazani zikakoma.

Audax aliweka kidole midomoni. Mkewe alizima taa. Wote watatu walishikana gizani, na alisikia pumzi zao, yake, ya mkewe, ya mtoto. Nje hapakuwa na pumzi.

"Hodi," sauti yake mwenyewe iliita mlangoni, kwa upole, kama mtu anayerudi nyumbani kutoka kazini.

Audax alimziba mtoto mdomo, lakini mkono wake ulilowa jasho, ukateleza.

"Hodi humu ndani."

Na Gladness, ambaye baba yake alimfundisha kwamba mtu akipiga hodi haachwi nje bila kuitikiwa, aliitikia.

"Karibu, baba."