Vipandio vya Mguu wa Kushoto

Kila alasiri, akishavua sare za shule, kazi ya kwanza ya Sindano ilikuwa kufagia maranda sebuleni. Baba yake alikuwa seremala, na safari hii kazi aliileta nyumbani. Watu walimwita binti huyo Sindano kwa wembamba wake, ila waliomjua vizuri walisema jina lilitokana na ulimi.

"Haya ni ya upande wako," alisema siku hiyo, akiyasukuma maranda hadi miguuni pa binamu yake.

"Maranda hayana upande," binamu akajibu bila kuinua kichwa.

"Hujaulizwa, Kobe."

Kobe ni jina alilompa yeye, kwa kuwa binamu huyo alifanya kila kitu taratibu. Jina likashika.

Chuki ilianza siku shangazi na bintiye walipohamia hapo, baada ya nyumba yao kubomolewa kupisha barabara. Tangu mama yake afariki, Sindano alizoea nyumba ya watu wawili. Sasa chumba chake kilikuwa na shangazi ndani, kioo chake kilikuwa cha wote, na kitandani alilala mzungu wa nne na Kobe, kichwa huku, miguu kule. Waligombania ndoo, taa, hata upande wa dirisha. Shangazi naye hakuwa mpole. Alikuwa na uchungu wa kupoteza kwake, na uchungu huo alimmwagia yeyote aliyekuwa karibu.

Baba alipochoka kuamua ugomvi, aliamua kutengeneza chumba cha wasichana juu, chini ya paa. Tatizo likawa ngazi. Ngazi ya kawaida ingemeza nusu ya sebule. Kwa hiyo akachonga ngazi nyembamba ya mbao, iliyosimama karibu wima kama ukuta. Kila kipandio kilikuwa kipana upande mmoja tu: kimoja cha mguu wa kushoto, kinachofuata cha mguu wa kulia.

Jumamosi moja aliitwa na mteja kurekebisha mlango. Akailaza ngazi sakafuni, vipandio vikiwa bado havijafungwa, na kuwaita wasichana.

"Kila kipandio kina mfereji wake wa kuingia," alisema. "Gundi kwanza, ndani ya mfereji. Kisha skrubu. Skrubu peke yake ni mwongo, leo inashika, kesho inaachia. Mmesikia?"

"Tumesikia, Mjomba."

"Ndiyo, Baba."

Alipotoka tu, waligawana kazi kama maadui wanaogawana mpaka. Sindano akachukua vipandio vya kushoto, Kobe vya kulia. Kobe alipaka gundi kwa kijiti, akafuta iliyozidi kwa kitambaa. Sindano alitaka kumaliza kwanza ili apate kumcheka. Gundi ingemchelewesha, basi akaiacha, akakaza skrubu tu.

"Nimemaliza! Wewe utafika mwaka gani?"

Kobe alimtazama, akalitazama kopo la gundi, akaendelea kupaka.

Kesho yake ngazi ilisimamishwa. Baba akaanza kupanda akiwa na godoro begani. Alipofika katikati, kipandio kikalia kwaa! na kuachia. Baba aliporomoka, akaangukia mkono wa kulia, ule wa kazi. Muuguzi wa zahanati aliufunga, akasema haukuvunjika, ila asishike nyundo mpaka uvimbe uishe.

Waliporudi nyumbani, Baba aliokota kile kipandio. Kilikuwa kikavu, bila hata alama ya gundi.

"Nani alikifunga hiki cha kushoto?"

"Kobe," Sindano akasema upesi. "Vya kushoto ni vyake."

"Mwongo! Vyangu ni vya kulia!"

"Ngazi ilikuwa imelala kifudifudi. Kulia kwako ndiko kushoto," Sindano akajibu, akishangaa jinsi uongo ulivyomtoka laini.

Shangazi hakusubiri zaidi. Alimkamata bintiye mkono. "Tumepewa pa kulala, nawe unamuumiza mjomba wako? Utaniua kwa aibu! Funga nguo zako. Kesho tunaondoka."

"Dada, usifike huko," Baba akasema.

"Usinizuie, kaka. Mgeni akishakuwa mzigo, ajitue mwenyewe."

Sindano alikuwa amepata alichokitaka. Alisimama mlangoni akimtazama Kobe akikunja magauni.

"Mbona hulii?"

"Nikulilie wewe?" Macho ya Kobe yalikuwa makavu. "Hunipendi, na mimi sikupendi. Lakini nilikuona. Vipandio vyako vyote havina gundi. Mimi naondoka. Atakayepanda ni baba yako."

Sebuleni Baba alikuwa akisema, "Nimeshakitia gundi hiki kimoja kwa mkono wa kushoto, kirukwe tu, vingine ni imara. Watoto walale juu leo, mengine tutazungumza kesho."

Sindano akatoka mbio. Baba alikuwa ameshaweka mguu kwenye ngazi.

"Baba, shuka! Usipande!" Akamshika shati. "Vya kushoto ni vyangu. Sikupaka gundi hata kimoja. Nilimsingizia."

Baba hakumpiga. Alikaa juu ya godoro, akamtazama kama mtu asiyemfahamu. Hilo lilimchoma Sindano kuliko fimbo.

"Kumbe mwanangu nimemfokea bure?" Shangazi alifoka.

"Ndiyo, Shangazi. Nisamehe."

"Kamwombe uliyemsingizia!" Kisha Shangazi akamgeukia bintiye, na sauti ikashuka. "Na mimi nilikuhukumu kabla ya kukusikiliza."

Sindano akamkabili binamu yake. "Nisamehe."

"Bado," Kobe akasema.

Safari ya kuondoka ikafa. Wiki ile nzima Sindano alifungua skrubu, akasugua mifereji kwa msasa, akapaka gundi, akafunga upya. Baba alielekeza akiwa kitini. Kobe ndiye aliyekagua, na hakuwa na huruma. "Toa hicho. Gundi haijafika kwenye kona." Sindano alimeza maneno yake, akatoa, akaanza tena. Viganja vilimtoka malengelenge.

Gundi ilipokauka, Shangazi akasema atapanda yeye kwanza. "Mzito wa nyumba hii ni mimi. Ikinibeba mimi, itabeba yeyote."

Alikanyaga kila kipandio kwa kishindo. Hakuna kilichotikisika. Akaketi kwenye uwazi wa juu, miguu ikining'inia, akamwita Sindano.

"Kumpenda mtu hakuna wa kukulazimisha," alisema. "Lakini kazi uliyopewa ni lazima uifanye sawasawa, na neno lako ni lazima liwe kweli, hata kwa usiyempenda. Ulimchimbia binamu yako shimo, nusura atumbukie baba yako tena. Siku nyingine ukikosea, sema kabla mtu hajaumia."

"Nimesikia, Shangazi."

"Basi leteni godoro. Na mkitaka kugombana huku juu, gombaneni kimyakimya. Mimi nina usingizi."

Sindano akainua pembe moja ya godoro. Kobe akasita, kisha akainua nyingine.

"Shika vizuri," Kobe akasema kwa ukali.

"Nimeshika," Sindano akajibu, na kweli alikuwa ameshika.