Ngoma ya Babu Mbithi na Ufa wa Jumatano

Asubuhi za likizo ya Aprili mwaka 2006, nyumbani kwa kina Kavata kule Waithaka, kila mtu aliijua kazi yake. Mama, aliyeuza mboga, aliondoka alfajiri kwenda sokoni. Kavata, msichana wa miaka kumi na miwili, aliteka maji mferejini, akakwangua matope mlangoni kwa jembe, kisha akachemsha chai. Mvua za masika zilikuwa zimeugeuza uwanja mzima kuwa uji. Babu yake, Mzee Mbithi, naye alikuwa na kazi moja ambayo hakumwachia mtu yeyote: kuipasha moto ngoma yake.

Ilikuwa ngoma ndefu ya Kikamba, aliyokuja nayo kutoka Kangundo alipokuwa kijana. Siku za mvua ngozi yake ililegea na sauti ikafifia. Kwa hivyo babu aliwasha majani makavu ya migomba uani, akaishika ngoma mbali na ndimi za moto na kuizungusha taratibu, huku akiigonga kwa kidole na kutega sikio. Kazi hiyo ilimchukua nusu saa nzima.

"Ngozi haitaki haraka," alisema kila asubuhi, hata kama hakuna aliyemuuliza.

Mwezi huo ngoma ilikuwa na shughuli kubwa. Shule ya Kavata ilikuwa imealikwa kwenye Tamasha la Mitaa, ambalo lingefanyika Jumamosi katika bustani ya Jivanjee, katikati ya jiji. Kila mtaa ungeleta michoro, maigizo, mashairi au ngoma. Mwalimu Naliaka alikuwa amewafundisha watoto ishirini kuruka na kupinduka kama wachezaji wa Ukambani, ingawa nusu yao hawakuwahi kufika huko hata kwa kupita tu. Mpigaji wao alikuwa Mwaura wa darasa la saba, mvulana mwenye mikono mikubwa na moyo mwepesi, aliyeipiga ngoma kama anayebisha mlango wa kiziwi.

Jumatano babu alikuwa na miadi hospitalini kwa sababu ya mguu wake.

"Ngoma uipeleke shuleni ilivyo, Kavata," alisema akichukua mkongojo. "Usiipashe. Nitapitia huko nikitoka hospitali, niipashe mwenyewe."

"Sawa, babu."

Lakini Kavata alikuwa ameitazama kazi ile mara mia. Kuna ugumu gani kushika ngoma karibu na moto? Alijiona tayari akifika shuleni, ngoma ikilia vizuri, na Mwalimu Naliaka akiuliza ni nani fundi aliyeipasha. Majani ya migomba yalikuwa yamelowa chapa, lakini jiko la makaa lilikuwa limekolea. Akaweka mawe mawili pembeni, akaiinamisha ngoma juu ya jiko, uso chini.

Mara akasikia jirani yake Debra akimwita kutoka ng'ambo ya ua. "Kavata! Kuja haraka, kipindi kimefika mahali pazuri!"

"Dakika mbili tu," Kavata akajiambia, akakimbilia televisheni ya kina Debra. Nyinyi mnazijua dakika mbili za televisheni.

Aliporudi, ua ulinuka kama nywele zilizoungua. Aliiinua ngoma. Karibu na ukingo ngozi ilikuwa imekauka na kukunjamana, na katikati ya mkunjo palikuwa na ufa wenye urefu wa kidole. Ngoma ya babu! Ngoma iliyokuwa kongwe kuliko mama yake!

Kama angekaa chini akalia, labda mambo yangekuwa mepesi. Badala yake aliingia ndani, akatafuta gundi, akaupaka ule ufa kutoka juu hadi chini. Kisha akachukua rangi ya viatu ya kahawia na kusugua mpaka mahali pale pakafanana na pengine. Ukitazama kwa mbali, hukuona kitu. Babu naye, aliyecheleweshwa na foleni ya hospitali, hakufika shuleni siku hiyo.

Mazoezini Mwaura aliinusa mikono yake. "Hii ngoma yenu leo inanukia viatu," alisema, watoto wakacheka. Alipoanza kupiga, sauti ilitoka na mkwaruzo. Mwalimu Naliaka alikunja uso.

"Polepole, Mwaura! Ukiendelea kuitwanga hivyo utaipasua ngoma ya wenyewe. Nimekuonya!"

Kavata aliyasikia maneno hayo, na wazo baya likamwingia. Ngoma ikipasuka mikononi mwa Mwaura, nani atauliza habari za jiko? Kila mtu anajua mikono ya Mwaura. Alilifukuza wazo lile, likarudi. Akalifukuza tena, likarudi na kukaa.

Alhamisi na Ijumaa zilikuwa siku za hofu tupu. Kavata aliamka kabla ya babu ili awe wa kwanza kuigusa ngoma. Alidai kwamba mwalimu amekataza isipashwe tena kabla ya tamasha. Uongo wa kwanza ulikuwa umezaa wa pili. Babu alishangaa, lakini hakutaka kubishana na mwalimu. Kila alipoikaribia ngoma, Kavata alimwita aje kunywa chai. Ugali haukupita kooni. Mama alipoona sahani imerudi ilivyokwenda, alimnunulia dawa ya minyoo na kusimama mlangoni mpaka akaimeza. Maskini minyoo, kama ilikuwapo, haikuwa na hatia yoyote.

Jumamosi walipelekwa mjini kwa basi la kanisa, babu akiwa pamoja nao. Mvua ilikuwa imekatika, na bustani ya Jivanjee ilikuwa imefurika watu. Shuka nyeupe zilizochorwa na watoto zilitundikwa kati ya miti. Vikaragosi viligombana juu ya pazia, kimoja kikimdai mwenzake kuku. Vijana wa sarakasi walipandana mabegani hadi akina mama wakafumba macho, na mahali fulani mtu alikuwa akifinyanga vyungu, watoto wamejipaka udongo mpaka puani. Ilikuwa siku ambayo mtoto yeyote angeitamani. Kavata hakuona chochote ila ngoma ya babu, iliyosimama kando ya jukwaa ikingoja.

"Niaje, Kavata!" Mwaura alimjia mbio. "Unaona yule mzee wa koti la kijani? Ni babangu! Ameomba ruhusa kule machimbo ya mawe Kinoo. Aki, hajawahi kuja shule hata siku ya wazazi. Leo nitampigia mpaka asahau nyundo yake!"

Kavata alimtazama yule mtu. Alikuwa ameketi wima kwenye ukingo wa benchi, kofia magotini, kama aliyeogopa kwamba kiti si chake. Kisha akaitazama ngoma. Gundi ilikuwa imeachia, na ufa ulikuwa umerefuka.

Jukwaani kikundi cha mashairi kilikuwa kinamaliza, na baada yake kulikuwa na vikundi viwili tu, kisha wao. Aliona yote kana kwamba yameshatokea: ngozi inapasuka, Mwalimu Naliaka anasema "si nilikuonya," na yule baba wa koti la kijani anaangalia chini, mbele ya watu wote. Alihitaji kunyamaza tu. Hakuna kazi rahisi kama hiyo. Lakini miguu yake ilikuwa imeshaanza kutembea kuelekea hema la wazee, alikoketi babu, na kila hatua alitaka kugeuka.

"Babu."

"Naam, mjukuu wangu."

"Ngoma imepasuka." Sauti yake haikusikika vizuri, ikabidi aseme tena. "Ngoma imepasuka, babu. Si Mwaura. Ni mimi. Niliiweka juu ya jiko siku ile ya Jumatano."

Babu alichukua mkongojo wake. Aliinuka, akachechemea hadi kwenye ngoma, akapitisha kidole penye ufa, akakinusa. Kavata alingoja makofi, alingoja kelele.

"Twende," babu akasema.

Kavata alidhani wanakwenda nyumbani. Kumbe babu alimshika mkono hadi kwenye hema la akina mama wa Ngara, waliokuwa wameshacheza asubuhi. Ngoma zao sita zilikuwa zimepangwa kwenye mkeka. Kiongozi wao, mama mnene aliyeitwa Peres, alikuwa akizipangusa moja moja.

"Mama, hongera kwa kazi nzuri," babu alisema. "Tumekuja kuomba ngoma moja. Yetu imetufia."

"Pole, mzee. Imekufaje?"

"Huyu atakwambia." Babu alimgeukia Kavata. "Sisi wapigaji tuna desturi yetu. Humwazimi mtu ngoma mpaka akwambie waziwazi yake iliharibikaje. Asiyeweza kusema ya kwake, ya mwenzake ataitunzaje?"

Wakati huo Mwalimu Naliaka na Mwaura walikuwa wamefika wakihema, maana waliona ngoma imeachwa peke yake. Akina mama nao wakageuka kusikiliza. Kavata aliona nyuso zaidi ya kumi zikimtazama. Alikuwa amedhani kumwambia babu ndio mwisho wa hofu, kumbe palikuwa na kilima kingine mbele yake.

Akasema. Alisema habari za jiko, televisheni, gundi na rangi ya viatu. Alisema kwamba mwalimu hakuwahi kukataza ngoma isipashwe.

Mwaura alikuwa ametoa macho. "Kwa hivyo ungeniacha niipasue? Na babangu ameketi pale?"

Hapo Kavata angeweza kusema hapana. Hakuna ambaye angejua.

"Nilifikiria hivyo," alijibu, machozi yakimtoka. "Tangu Jumatano. Nilijua watasema ni wewe. Nisamehe, Mwaura."

Mwaura aligeuka, akawapa wote mgongo. Mwalimu Naliaka alishusha pumzi, akamwekea mkono begani. "Na mimi nilikukaripia bure, Mwaura. Pole sana."

Mama Peres alinyanyua ngoma ya katikati. "Hiki kisa sijakipenda," alisema, "lakini kimesemwa chote. Kijana, njoo hapa. Hii yangu haitaki ubabe. Piga hapa kati kwa kiganja, na huku pembeni kwa vidole. Haya, nionyeshe."

Kilibaki kikundi kimoja tu kabla yao. Mwaura alijaribu, akakosea, akajaribu tena, huku mama Peres akimhesabia kwa kidole. Jina la shule yao likatangazwa.

Kavata alicheza akiwa bado na hofu, maana sauti ya ngoma ile ilikuwa nzito na ngeni, na watoto wawili walitangulia kuruka kabla ya wakati. Lakini Mwaura aliishika mara moja. Aliacha kutwanga, akaanza kusikiliza, na ngoma ikamjibu. Wachezaji wakapata miguu yao. Walipopinduka kwa pamoja, bustani nzima ilipiga vigelegele, na yule baba wa koti la kijani alisimama bila kujua, kofia ikaanguka chini.

Baadaye, wenzake walipokimbilia vikaragosi, Kavata alibaki na babu akiifunga ngoma iliyopasuka ndani ya blanketi.

"Babu, una hasira na mimi?"

"Ninayo," alijibu babu. "Nilikukataza, na ukaniongopea siku tatu chini ya paa langu. Likizo iliyobaki hutaiona televisheni. Nitanunua ngozi ya mbuzi, nawe utailoweka, utaiparua manyoya, na tutaiwamba juu ya ngoma pamoja, mpaka uelewe kwa nini nilikuwa nachukua nusu saa."

"Sawa, babu."

"Lakini sikiliza." Babu aliketi, akamvuta karibu. "Ngozi iliyopasuka huwambwa nyingine. Mimi mwenyewe nimeshaiwamba hii mara nne. Jina la mtoto wa watu likipasuliwa mbele ya baba yake, utaliwamba na nini? Kosa lako la Jumatano lilikuwa dogo. Ulilolikaribia leo lilikuwa kubwa, na umelikwepa kwa sababu ulisema ukiwa unaogopa. Hakuna atakayekungoja mpaka hofu iishe, Kavata. Ukweli husemwa na hofu yake hivyo hivyo, na ukisemwa mapema, watu hupata nafasi ya kukusaidia."

Kavata aliitikia kwa kichwa. Tumbo lake, lililokataa ugali siku mbili, lilinguruma kwa njaa.

Mwaura alikuja na baba yake, wakasimama hatua chache mbali. Mvulana hakutabasamu. Alichora chini kwa kidole cha mguu, akalitazama lile blanketi, kisha akamwamkia babu.

"Shikamoo, mzee. Hiyo ngozi mpya mtaiwamba lini?"

"Marahaba. Kuanzia Jumatatu."

Mwaura akamtazama Kavata kwa mara ya kwanza tangu hema la akina mama.

"Nitakuja kusaidia kuivuta," alisema. "Yeye peke yake hana mikono ya kutosha."